Ruhusa ya Kuruka

Mwanamume aliyenifelisha ndiye huyohuyo aliyetaka kunioa. Nayasema haya mapema ili usije ukanionea huruma mahali pasipostahili. Sikuachwa, wala sikudanganywa. Nilifelishwa mtihani na mtu aliyenipenda, tena kwa haki kabisa, na ile haki ndiyo iliyoniuma kuliko yote.

Kule kwenye mnara wa kuongozea ndege tulimwita Rudia. Jina alilipata wiki yake ya kwanza, alipokuwa mwanafunzi wangu. Kila rubani akifungua kinywa, yeye anabonyeza redio na kusema, "Rudia." Marubani walikaribia kulia. Mimi waliniita Mwalimu, kwa sababu karibu kila mwongoza ndege wa uwanja ule alikikalia kile kiti kwa mara ya kwanza mimi nikiwa nimesimama nyuma yake. Rudia nilimsimamia kuliko wenzake wote. Nilimfelisha, akarudi, nikamfelisha tena, akarudi. Siku niliyompitisha, wenzake walimpongeza kwa makelele, yeye akawa ananitazama mimi tu. Nikajua nimekwisha.

Nilimzidi miaka saba. Mama yangu, ambaye naishi naye, aliligundua jambo letu kabla sijajiandaa kumwambia.

"Umfundishe kazi mwenyewe, halafu umwite mume?" aliniuliza huku akikunja nguo. "Siku utakayofika hamsini, mwenzio atakuwa bado anatafuta mvi kwenye kioo."

"Ana mvi tayari, Mama. Nimemtia mimi."

"Basi ameshazeeka kabla ya harusi. Na mimi utaniacha na nani?"

Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipokuwa yakiishia kila mara. Mama akishauliza ataachwa na nani, mimi nilijifanya kutafuta kitu chumbani.

Kisha mitambo mipya ikaja. Walisimika mlingoti wa kamera kando ya mnara wetu, mrefu kuliko mnara wenyewe, tukaambiwa kwamba siku si nyingi ndege zetu zitaongozwa kutoka kituo kikuu, mji mwingine kabisa, na watu waliokaa mbele ya skrini. Mnara utafungwa. Sitasema uongo kwamba tulipinga. Kamera zile zilipenya ukungu ambamo sisi tulikuwa tunakodoa macho na kumwomba Mungu. Nilichosikitikia ni vipande vyetu vya karatasi. Kila ndege ilikuwa na kipande chake, tukiandika juu yake inakotoka na inakokwenda, tukakichomeka kwenye kishikio cha plastiki na kupeana mkono kwa mkono. Sasa ingekuwa mistari inayojisogeza yenyewe kwenye skrini. Rudia alikuwa na tabia ya kunipa kipande halafu akachelewa kukiachia. Skrini haina uchelewaji wa namna hiyo.

Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuimudu mitambo hiyo, wakamfanya mtahini wetu. Nilifurahi. Nani hafurahii mwanafunzi wake kupanda?

Mtihani wa mitambo hiyo, wa kuamua nani ahamie kituo kikuu, ulifanyika hukohuko, katika chumba kisicho na dirisha hata moja. Walinionyesha njia ya kurukia kwenye skrini, ndege inakuja kutua, na gari la ukaguzi linatakiwa litoke njiani. Kabla ya kumruhusu rubani atue, nilitaka kuhakikisha gari limetoka. Nikageuza shingo kushoto. Kwenye mnara wetu, kushoto ndiko kuliko na dirisha linaloonyesha mwisho wa njia ya kurukia. Kule kulikuwa na ukuta mweupe, safi, umepakwa rangi juzi. Nikautazama ule ukuta. Nikauinamia hata, nikitafuta gari. Niliporudisha macho kwenye skrini, ndege ambayo sikuwa nimeiruhusu wala kuizuia ilikuwa imeshatua na gari lilikuwa bado liko njiani.

Ilikuwa ndege ya mazoezi na gari la mazoezi, vya kwenye skrini tu, kwa hiyo hakufa mtu. Wangekuwa wa kweli ningekuwa nimewaua. Mtu aliyetoka chuoni jana hawezi kufanya kosa lile. Ili ulifanye ni lazima uwe umelitazama dirisha moja kwa nusu ya umri wako.

Tuliporudi kwa basi, Rudia alikaa kiti cha pembeni yangu. Alikula machungwa yangu, akaniambia mvua inakuja, akalala au akajifanya amelala. Kesho yake asubuhi mkuu wetu alisoma matokeo mbele ya wote. Mimi peke yangu ndiye niliyefeli.

Niliporudi nyumbani na kumweleza Mama, aliweka kikombe chini taratibu.

"Huyo amekufelisha mbele za watu," akasema. "Ndani ya nyumba atakufanyaje?"

Nililala na nguo za kazi.

*

Siku Rudia alipohama kwenda kituo kikuu, zamu ilikuwa yangu. Wenzetu walikuwa wameshatangulia huko. Mnarani tulibaki mimi na mkuu, ambaye alikuwa chini na mafundi wakigombana kuhusu nyaya. Ilikuwa mchana wenye jua kali. Ndege aliyokuwa aondoke nayo ilikuwa imeegeshwa mbele yangu, mlango wazi, watu wanapakia mizigo.

Nilimsikia akipanda ngazi. Nilizijua hatua zake hata akipanda na umati. Akafika, akasimama karibu na birika la umeme, begi la bega likimning'inia.

"Mwalimu."

"Mwalimu hayupo. Yupo mtu aliyefeli. Je, anafaa?"

"Usianze, tafadhali."

"Nianze mimi? Wewe ndiye uliyeanza, kwenye basi, ulipokula machungwa yangu ukanyamaza kimya."

Akafungua kinywa, lakini redio ikamtangulia. Ilikuwa ndege ndogo ya vifurushi, inaomba kuja kutua. Nikampa rubani upepo na upande wa kuingilia, naye akanirudishia maneno yangu yote kama inavyotakiwa. Nikaandika kipande chake, nikakichomeka.

"Ningependa siku moja uniongeleshe mimi kwa sauti hiyo," akasema Rudia.

"Sauti hiyo nawapa wanaonijibu."

"Haya, nitajibu. Uliza."

Nikaigeuza shingo. Uso wake ulikuwa umesawijika, ndevu hajanyoa. Nilitamani kumkemea kwa ajili ya zile ndevu.

"Ulijua tangu uko mle chumbani kwamba nimefeli?"

"Nilijua tangu ulipoutazama ukuta."

"Na ukakaa na mimi njia nzima."

"Mtahini haruhusiwi kusema kabla ya mkuu."

"Nani alikufundisha ujinga huo?"

"Wewe," akasema. "Uliponifelisha mara ya kwanza tulikunywa chai pamoja hapahapa, ukanisimulia habari za paka wa jirani. Nilirudi nyumbani nikamwambia dada nimefaulu."

Nilitaka kucheka. Nikauma midomo.

"Ningekupitisha," akaendelea polepole, "ungenitazamaje?"

"Ningekudharau."

"Na sasa?"

"Sasa nakuchukia kidogo."

"Hiyo naiweza," akasema. Akasogea hatua moja. "Njoo tuondoke. Miezi michache tu, unarudia mtihani. Jioni nitakuwa nakufundisha. Hiyo shingo yako nitaifunga na kitambaa."

"Ukiifunga shingo nitageuza macho."

"Macho nitayafumba kwa mkono."

"Mwongoza ndege kipofu, hongera sana."

Tukacheka, wote wawili, kama zamani. Kicheko kikaisha. Nje, mtu wa mizigo alifunga mlango wa nyuma wa ndege yake. Yeye aliuona, nami nikamwona akiuona.

"Na kwa miezi hiyo michache," nikasema, "nitakuwa nani kule? Mke wa mtahini. Watu watanipisha mlangoni kwa heshima ya kuniliwaza. Niliowafundisha mimi watakuwa wamevaa visikizi masikioni, mimi nimevaa kanga nakungoja utoke kazini."

"Utakuwa mke wangu. Hilo peke yake halikutoshi?"

Lilinitosha. Naapa lilinitosha. Usiku mwingi nilikuwa nimelala nikilitamka neno hilo gizani ili nione linavyokaa mdomoni. Lakini alikuwa amenitazama nikiinamia ukuta, na kila aliponitazama sasa niliuona ule ukuta machoni mwake. Kiburi kikanipanda, nikachomoa sababu iliyokuwa karibu.

"Mama hataki."

"Mama hataki tangu mwaka juzi. Nakuuliza wewe."

"Mama ni mzee. Nimwache na nani?"

"Nani kasema umwache? Nyumba niliyoipata ina chumba cha tatu. Nilikataa mbili nzuri zaidi kwa sababu hazina chumba cha chini. Mama na ngazi hawapatani. Hiki kinapata jua la asubuhi. Nimeshamtafutia na kiti."

Sikuwa na habari hizo. Alikuwa hajawahi kunigusia. Nikamwona akitembea mji asioujua, akiingia nyumba za watu na kuuliza jua linachomozea wapi, kwa ajili ya mwanamke asiyemwitikia salamu mpaka arudie.

"Hatakubali," nikasema.

"Umemwuliza?"

"Namjua mama yangu."

"Sikuuliza kama unamjua."

Nikaigeukia redio. Haikuwa imeita. Nikaongeza sauti, nikaipunguza, nikaongeza tena. Nyuma yangu nilimsikia akihema.

"Basi nizuie," akasema. "Mimi sijui kubembeleza kwa maneno mengi. Sema nisiende, nashuka sasa hivi natoa sanduku langu. Watamtafuta mtahini mwingine."

"Wewe ndiye bora walionaye."

"Sikuuliza ubora wangu pia. Leo hujibu hata swali moja."

"Unataka nini nikuambie?"

"Njoo, au baki. Neno moja. Ukinyamaza nitaelewa, na sitakusumbua tena kwa simu wala kwa mtu. Unanijua sisemi mara mbili."

Huyo ndiye mtu tuliyempa jina la Rudia.

Nilitazama njia ya kurukia. Ilikuwa tupu, ndefu, joto likicheza juu yake. Nilikuwa na maneno yote mawili kinywani, lolote kati yao lingemtosha, nami nikasema la tatu.

"Utachelewa ndege."

"Haiondoki bila wewe kuiruhusu."

"Ndiyo maana nakuambia uwahi."

Hakuondoka mara moja. Aliweka mkono juu ya egemeo la kiti changu. Hakunigusa, tulikuwa na mwiko wa kutomgusa mtu aliye kazini. Lakini kiti kilizama kidogo kwa uzito wa mkono wake, nami niliusikia uzito huo mgongoni. Kisha kiti kikainuka.

Hatua zikashuka ngazi. Nilizihesabu kwa masikio mpaka zikachanganyika na sauti za mafundi.

Alitokea chini, akakatiza kwenye uwanja wa maegesho, begi begani, mrefu, amejiinamia. Kabla ya kupanda aligeuka na kuutazama mnara. Vioo vyetu vimelala kuelekea nje, na kwa saa ile jua huvigeuza kuwa kama bati; mtu wa chini haoni kitu. Akapunga mkono kuelekea kioo ambacho mimi sikuwa nyuma yake. Nikanyanyua wangu hata hivyo. Akapanda, mlango ukafungwa.

Rubani wake aliita, anaomba kusogea hadi mwanzo wa njia. Nikamruhusu. Alipofika akasema yuko tayari kuruka.

Ndege ya vifurushi ilikuwa bado iko mbali. Nafasi ilikuwepo. Siku nyingine yoyote ningemruhusu aruke, na mwenye vifurushi angetua baadaye bila kupunguza mwendo. Lakini kumsubirisha pia hakukuwa kosa.

"Subiri hapo ulipo," nikamwambia. "Kuna ndege inakuja kutua."

"Nasubiri," akajibu. Baada ya muda akaongeza, "Mnara, naona iko mbali sana."

"Subiri," nikasema.

Kwa hiyo akasubiri, na wote waliokuwa ndani wakasubiri, na yeye miongoni mwao. Nadhani ni yeye peke yake mle ndani aliyejua kwamba hapakuwa na haja. Nilimwazia amekaa dirishani, amefunga mkanda, anapiga hesabu ya mwendo wa ile ndege ndogo kichwani kama nilivyomfundisha, anaona haijumliki. Nilijisemea kwamba akigonga mlango wa rubani na kuomba ashuke, nitakimbia zile ngazi bila viatu. Hakuna abiria anayefanya hivyo. Mimi niliyekuwa na redio mkononi nilishindwa kusema neno, nikamwachia yeye aliyefungwa mkanda.

Ndege ya vifurushi ikatua, ikatoka njiani. Nikageuza shingo kushoto, nikahakikisha kwa macho yangu. Njia ilikuwa tupu. Sikuwa na kisingizio tena.

Nikajikaza. Nikampa upepo, nikampa ruhusa ya kuruka. Sauti yangu haikutetemeka, na hilo nalo sijalisamehe. Rubani akanirudishia maneno yale yote, ruhusa ya kuruka, kwa furaha ya mtu aliyechoka kungoja.

Ikakimbia mbele yangu, ikanyanyua pua, ikaachana na ardhi. Niliifuata kwa macho, kisha kwa darubini, mpaka ilipobidi niipokeze, yaani niikabidhi, kwa kituo kikuu. Hilo ni jambo la kawaida. Kila ndege inayoondoka lazima tuipokeze, na tukishaipokeza si yetu tena. Hata uwe bado unaiona, huruhusiwi kuisemesha.

"Wasiliana na kituo kikuu," nikasema. "Safari njema."

"Kituo kikuu. Asante, mama. Kwaheri."

Akabadilisha masafa ya redio yake. Redio ikabaki inavuma tu. Niliendelea kuitazama ile nukta mpaka sikujua tena kama ni ndege au ni machozi.

*

Nilifika nyumbani jua likizama. Mama alikuwa mezani, amekaa wima, amevaa gauni lake la kwenda kwenye harusi za watu, na hereni. Meza ilikuwa imeandaliwa sahani tatu. Chakula kimefunikwa.

"Mbona peke yako?" akauliza.

"Nije na nani?"

"Huyo wako. Si anahama leo? Nimekaa hapa tangu mchana nikijua mtapita kuniaga, au kunichukua, sijui mlivyopanga. Hamniambii kitu."

Nikavuta kiti, nikakaa. Viatu vilikuwa vimenibana siku nzima na sikuwa na nguvu za kuvivua.

"Ameondoka, Mama."

"Ameondoka bila kuja hapa?" Uso ukamkunjamana. "Na adabu yake yote ile?"

"Mimi ndiye niliyemruhusu. Nilikuwa zamu. Alikutafutia chumba huko. Kisicho na ngazi. Kinapata jua la asubuhi."

Mama alinyoosha kitambaa cha meza ambacho kilikuwa kimenyooka tayari.

"Nawe ukamwambiaje?"

"Nikamwambia hutaki."

"Ukamwambia sitaki." Alilirudia polepole, kama mtu anayeonja chakula kilichoungua. "Mwanangu, ni lini uliniuliza?"

"Si ulisema mwenyewe, Mama! Kila siku unasema. Nimemzidi umri, atanifanyaje ndani ya nyumba, utaachwa na nani..."

"Nilisema, ndiyo. Ningesema nini kingine? Bibi yako naye alimkataa baba yako. Nilimnunia mwezi mzima. Niligoma kula. Nilipiga milango mpaka bawaba ikang'oka. Akachoka, akasema haya, nenda." Alinitazama, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Nilikuwa nangoja uninunie. Nilikuwa nangoja upige mlango, mara moja tu, nione kwamba unamtaka kweli. Wewe kila nikisema unakwenda chumbani kutafuta vitu."

Nje, mtoto wa jirani alikuwa anaitwa akaoge. Alikuwa hataki.

"Mpigie simu," akasema Mama.

"Bado yuko angani."

"Akitua mpigie."

"Haitasaidia. Nimeshamkabidhi, Mama."

"Umemkabidhi kwa nani?"

Nilifungua kinywa nimjibu, machozi yakanitangulia. Nililia kwa sauti, mikono juu ya meza, mtu mzima, nikiwa bado nimevaa sare ya kazi. Mama hakuninyamazisha. Alivua hereni zake, akaziweka kando ya sahani ya tatu, akafunua chakula, akanipakulia.